Kisa cha diskasheni ya Mbagala: vijana sita, moko mbaya na pepa ya Novemba

Hiki ni kisa cha vijana sita wa kidato cha nne hapa Mbagala, Dar, ambao matokeo yao ya moko, yaani mtihani wa majaribio, yalitoka mwezi wa nane yakawa mabaya, na pepa yenyewe ya NECTA, baraza la mitihani la taifa, ilikuwa Novemba. Nakiandika kirefu maana kila mwaka wazazi wananiuliza hizi diskasheni, vijana kukaa pamoja kujisomea, zinasaidia kweli au watoto wanaenda kupiga stori tu, na ukweli ni kwamba inategemea zinaendeshwaje, na hawa sita walipita kote kuwili, walianza na stori kwanza. Majina sitaji, ni watoto wa watu.

Mimi nina steshenari, natoa kopi na kuprinti, na huko nyuma nilifundisha tuisheni, kwa hiyo wanafunzi wanapita kwangu kuprinti pasti pepa na wananiita anti. Hawa nilikuwa nawaona wanakaa kwenye baraza ya jirani yangu kila jioni, daftari zimefunguliwa, mmoja anaongea, wengine wananakili au wako kwenye simu, ikifika magharibi wanaondoka. Siku matokeo ya moko yametoka walikuja kuprinti, na hapo ndo nikaona hali ilivyo: mmoja divisheni three ya pointi 23, watatu four, wawili ziro.

Ngoja kwanza niweke sawa hesabu za divisheni maana kisa chote kimekaa juu yake, na nashangaa wanafunzi wengi wanaingia Novemba hawazijui. A ni kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, chini ya hapo F. A ina pointi 1, inapanda hivyo hivyo mpaka F yenye pointi 5, wanachukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi wanajumlisha. Pointi 7 mpaka 17 ni one, 18 mpaka 21 two, 22 mpaka 25 three, 26 mpaka 33 four, 34 na 35 ndo ziro. Sasa chukua mtoto mwenye D mbili na F tano, ana 33, ana cheti. Mwenye D moja na F sita ana 34, hana kitu. Kati ya hao wawili kuna somo moja tu, pengine mmoja kapata 27 mwingine kapata 30. Wale wawili wa ziro wote walikuwa na pointi 34. Yaani walikuwa wanajiona wameshafeli maisha, kumbe wamekosa D moja.

Wenyewe walikuwa hivi. Kuna binti ambaye mama yake anauza vitumbua, anaamka saa kumi alfajiri kusaga mchele na kukaanga, saa moja kasoro yuko njiani kwenda shule, darasani haongei kabisa. Huyu ni ziro. Ziro wa pili ni kijana anayeshinda gereji kila akitoka shule. Kuna marafiki wawili mabinti wasioachana, madaftari yao mazuri ajabu, yamepigwa kalamu za rangi rangi, four wote wawili. Kuna kaka wa miaka kumi na tisa aliyefeli mwaka uliopita, sasa anarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, moko alifanya shuleni hapo hapo kwa ruhusa ya mwalimu, naye four. Halafu kijana wa hesabu, ndo yule wa pointi 23, ndo alikuwa anaongea kila jioni barazani.

Tatizo la kwanza mtu angesema ni uvivu, na si kweli, walikuwa wanapiga msuli kila siku. Angalia walichokuwa wanafanya lakini. Wale mabinti wawili walikuwa wanasoma notsi, wanarudia, wanapigia mstari, wanarudia tena, na kila wakirudia wanaona wanaelewa zaidi kwa sababu maneno yameshazoeleka machoni. Niliwachukua mada ya udongo kwenye Jiografia, mada waliyokuwa wameimaliza jana yake tu, nikawaambia fungeni daftari mniandikie mnachokumbuka. Mmoja akaandika mistari minne, mwingine mitatu na machozi juu. Ile siku ilikuwa ngumu kwao ila ndo siku diskasheni ilibadilika.

Hili limepimwa na wataalamu, sio la kwangu. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke kule Marekani waliwapa wanafunzi vipande vya kusoma, kundi moja likarudia kusoma, lingine likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndo walikuwa mbele, ila baada ya wiki moja mambo yakageuka, walioandika kutoka kichwani wakakumbuka 56 kwa mia na wale wengine 42. Zingatia hapo kwenye dakika tano, maana ndo panapodanganya watoto wetu, usiku wa leo kurudia kunakupa raha na unalala ukijua umeiva, wiki ijayo kwenye pepa hakuna kitu. Kwa hiyo wakakubaliana sheria moja, hakuna kufungua daftari barazani mpaka kila mtu ameandika kwanza anachokijua kwenye karatasi tupu. Mimi karatasi nilikuwa nazo, zile zilizoharibika upande mmoja kwenye mashine, nikawapa rimu nzima.

Sheria ya pili ilitoka kwa yule kaka anayerudia. Alisema mwaka jana kwenye diskasheni yao kila mtu alikuwa anafundisha anachokijua, kwa hiyo mjuzi anazidi kujua na asiyejua anazidi kunyamaza. Akapendekeza kila mmoja apewe mada asizoziweza, akazisome, arudi awafundishe wenzake, na asipokuja na mada yake wote siku hiyo wanaikosa. Kijana hakujua kwamba kitu kinachofanana na hicho mwanasaikolojia Elliot Aronson alikifanya mwaka 1971 kule Austin, Texas, kwenye madarasa ya watoto weupe, weusi na Wamexico waliokuwa wameanza kusoma pamoja na hawapatani, kila mtoto akapewa kipande chake cha somo ambacho wenzake hawana, ikabidi wasikilizane. Kilichonigusa ni kwamba wazo lilitoka kwa mtoto ambaye mtaa mzima ulikuwa unamuita feliya.

Binti wa vitumbua akapewa Biolojia, mada ya mwili unavyotunza kiasi cha maji. Siku ya zamu yake akasimama, kimya, macho chini, wenzake wakimwangalia. Yule kaka akamwambia, "Dada wewe tuambie kama unamwambia mdogo wako, kwa Kiswahili, hakuna mtu anakuandika hapa." Akaanza polepole, kwamba ukikaa juani hujanywa maji damu inakuwa nzito, ubongo unajua, unatuma homoni ya ADH kwenye figo, figo zinarudisha maji kwenye damu badala ya kuyaacha yatoke, ndo maana mkojo unakuwa kidogo na wa njano iliyokolea. Akaeleza vizuri mpaka kijana wa gereji akauliza swali na akajibiwa. Tukaenda kuangalia karatasi yake ya moko, swali la hiyo hiyo mada, alikuwa ameandika sentensi moja ya Kiingereza iliyokatika katikati na kapata sifuri.

Hapo ndo penye kiini cha kisa hiki kwangu mimi. Huyu mtoto miaka saba ya msingi amesoma kwa Kiswahili, akaingia sekondari kila kitu Kiingereza, akawa anajua vitu ambavyo hawezi kuviandika, halafu karatasi inamrudishia ziro na yeye anaamini karatasi, anaamini hana akili. Ukimwambia "jiamini utaweza" unamwambia nini sasa, wakati ushahidi wote alionao unasema hawezi? Albert Bandura, aliyeandika sana kuhusu mtu kuamini uwezo wake tangu mwaka 1977, alisema imani hiyo inatoka sehemu nne: kufanya kitu ukakiweza, kumwona mwenzako wa aina yako anakiweza, maneno ya watu, na hali ya mwili wako wakati huo, na yenye nguvu kuliko zote ni ile ya kwanza. Sisi wazazi na walimu tunatumia ya tatu tu, maneno, na siku ya mahafali tunaita mgeni rasmi aje kuongeza maneno mengine.

Basi wakatengeneza utaratibu, swali linaelezwa kwanza kwa Kiswahili mpaka kila mtu ameelewa, halafu kila mmoja anaandika jibu kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, nukta moja sentensi moja, hakuna kutafuta Kiingereza cha kupendeza. Wakibadilishana karatasi kusahihisha, wanatumia mpango wa maksi, swali likiwa na maksi sita wanatafuta nukta sita. Binti wiki ya kwanza alipata mbili kwenye swali la maksi sita, baadaye tatu, na karibu na mwisho wa mwezi wa tisa alileta karatasi dukani kwangu kuipiga kopi, ana tano kati ya sita, akaniambia anataka kopi akamwonyeshe mama.

Na mama yake ni sehemu ya kisa. Nilikwenda pale anapouzia asubuhi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikamweleza habari ya Jumamosi, kwamba watoto wanataka kufanya pepa ya masaa matatu kuanzia asubuhi kama ya kweli. Akanijibu binti akiwa pale pale anageuza vitumbua: "Mwanangu, huyu masomo hayawezi, kwetu sisi hayapo kabisa, kaka yake alipata ziro na yeye kapata ziro, ila kwenye vitumbua ndo mkono wangu wa kulia." Kaka yake alifanya mtihani mwaka 2012, wakubwa mnaukumbuka, matokeo yalitangazwa Februari 2013 na zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima wakapata ziro mpaka serikali ikaunda tume na matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Nikamkumbusha hilo, nikamwambia mama, mwaka ule haikuwa nyumba yako peke yake, ilikuwa nchi. Akanyamaza. Nikasema siombi binti aache kazi, najua ndo ada na ndo ugali, naomba Jumamosi tu. Akakubali akamweka mdogo mtu kwenye karai Jumamosi, na baada ya ile kopi ya tano kati ya sita akaongeza na Jumatano, mwenyewe bila kuombwa. Nawasihi wanaosaidia vijana, msiishie kwa kijana, nendeni nyumbani na mwende kwa heshima, mzazi anayesema mtoto hawezi mara nyingi anamkinga na aibu ambayo yeye ameshaionja.

Kijana wa hesabu naye ana yake. Baba yake hakupenda akae na vijana wa ziro, akamtoa mwezi wa tisa akampeleka tuisheni ya kulipia, na kundi likapooza kabisa wiki ile. Alirudi mwenyewe, na sababu aliyonieleza naiona ni muhimu. Siku moja kabla hajaondoka alikuwa anawafundisha logi, swali la kawaida, umepewa logi ya 2 ni 0.3010, tafuta logi ya 5 bila jedwali. Akaandika 5 ni 10 gawanya kwa 2, kwa hiyo 1 toa 0.3010, jibu 0.6990. Kijana wa gereji akauliza, "Sasa mbona umegawanya juu halafu chini umetoa?" Akasema ndo kanuni. "Kanuni ya nani, kwa nini?" Akakwama. Anapata hilo swali kila mara na hajui kwa nini linakubali! Huko tuisheni hakuna aliyemuuliza swali la namna ile, wote wanakariri hatua, ikamsumbua mpaka akakaa na kitabu akaelewa kwamba logi ni kipeo tu, na ukigawanya namba zenye kitako kimoja vipeo vinatolewa. Akarudi barazani kuwaeleza na hakuondoka tena. Baba yake alipoona alama zinapanda akaacha kusema.

Sasa gereji. Kijana huyu alikuwa na akili ya mikono, ukimwonyesha kitu mara moja anakifanya, ila hakuwa na imani hata chembe kwamba kusoma kutamtoa, na mwezi wa kumi akaja dukani usiku na simu anataka kuprinti "pepa" aliyouziwa kwenye grupu la Telegram, hela ya vibarua vyake ya wiki nzima kailipa kwa mtu asiyemjua. Nilikataa kuprinti. Pepa yenyewe ukiiangalia ni ya miaka ya nyuma imebadilishwa mwaka juu, hata mpangilio wa maswali ya Hesabu haukuwa huu wa sasa wa maswali 14. Kesho yake wenzake walijua, na hapa nawapa heshima zao zote, hakuna aliyemcheka. Yule kaka anayerudia akamwambia mwaka jana na yeye alinunua, alikesha anakariri majibu ya pepa ambayo haikuja, akaingia chumbani hana usingizi na hana kitu kichwani. Hakuwahi kumwambia mtu hilo. NECTA kila mwaka inafuta matokeo ya watu waliofanya udanganyifu na watoto wanalijua vizuri, lakini hofu ya adhabu haimzuii mtu aliyekata tamaa. Kilichomzuia ni mwenzake kufungua moyo, halafu wakakaa naye kutafuta ile D moja iko wapi. Wakaikuta kwenye Uraia na Kiswahili, Kiswahili alikuwa na 27 kwa sababu ya kuacha maswali ya fasihi yote.

Zile Jumamosi za masaa matatu zilifanyika kwenye chumba cha madrasa, ustaadhi alitupa asubuhi kwa sababu watoto wake wanaingia mchana. Kwenye Hesabu waligawa muda wenyewe: dakika 180, maksi 100, kwa hiyo swali la maksi sita usizidishe dakika kumi na moja, la maksi kumi usizidishe kumi na nane, ukikwama unaruka. Mara ya kwanza binti wa vitumbua alitetemeka mikono mpaka kalamu ikamponyoka, akatoka nje. Kuna utafiti wa Ramirez na Beilock wa mwaka 2011 walioona wanafunzi waoga wa mitihani wakiandika hofu zao kwa dakika kumi kabla ya mtihani wanafanya vizuri zaidi, nikawaambia jaribuni, wakawa wanaandika chochote, kisha wanachana. Wanne walisema inasaidia, wale mabinti wawili walisema inawaongezea mawazo, wao wakawa wanatembea nje wakiimba kaswida. Sawa tu. Kingine kilichomfaa binti ni kuelezwa kwamba moyo kwenda mbio ni mwili unajiandaa, haimaanishi umeshafeli, na aliyemweleza ni yule kaka, ambaye alishakaa kwenye kile chumba chenyewe na index namba mezani na msimamizi anatembea nyuma yako. Mtu aliyefeli akapona ana kitu cha kuwapa waoga kuliko mtu wa divisheni one.

Matokeo yakatoka Januari. Kijana wa hesabu two ya pointi 19. Kaka anayerudia three ya 25, ana credit tatu, yaani masomo ya C au zaidi, na alilia barabarani mbele ya watu. Mmoja wa wale mabinti three, rafiki yake four, na hilo liliwaumiza wote wawili kwa namna tofauti, bado wanazoea. Binti wa vitumbua four ya pointi 27, C mbili, Biolojia na Kiswahili, D nne, F ya Hesabu. Kijana wa gereji four ya 32, kaomba chuo cha ufundi cha VETA, ufundi magari.

Kuna watu mtaani walisema sasa four nacho ni nini cha kuandikia. Wanaosema hivyo hawajui pointi 34 inafunga milango gani. Vyuo vya ngazi ya cheti vinataka angalau D nne za masomo yasiyo ya dini, binti ana masomo sita aliyofaulu. Kidato cha tano kinataka credit tatu, kakosa moja, na ameamua kurudia Kiingereza na Jiografia kama mtahiniwa wa kujitegemea huku akisaidia kwenye vitumbua, uamuzi wake mwenyewe, mama ndo katoa hela.

Ambacho diskasheni hii haikuweza ni Hesabu. Wanne kati ya sita wamepata F, na hawako peke yao, miaka ya karibuni wanaofaulu Hesabu kidato cha nne nchi nzima ni kama mmoja kati ya watano au wanne. Biolojia na Uraia unaweza kuziokoa kwa miezi mitatu kwa sababu mtoto ana maarifa anakosa namna ya kuyatoa. Hesabu inabebana, asiyeweza sehemu na desimali hawezi logi, asiyeweza logi na vipeo anakwama kwenye kila kitu cha juu yake, na miezi mitatu inatosha kumfundisha takwimu na matriki kidogo apate maksi za kuokota, ila kufika 30 kwa mtoto aliyeanza na 6 ni kazi nzito sana. Kundi la mwaka huu lililoanza pale barazani lina vijana wa kidato cha tatu ndani yake, wale sita wenyewe ndo walishauri hivyo, na Jumatatu zote ni sehemu na desimali, anayewafundisha ni kijana wa hesabu mpaka atakapoondoka kwenda kidato cha tano.